Si Kila Upungufu wa Damu Hutibiwa kwa Rozela

Hapa Pasua mtoto akipauka viganja na kuishiwa pumzi, mama huchemsha rozela na kusaga bitiruti. Wengi hupungukiwa damu kwa malaria, minyoo au uhaba wa madini ya chuma. Lakini upo upungufu ambao chakula hakiufikii. Familia moja ya mtaani kwetu imepoteza wiki nyingi kwa vidonge vya kuongeza damu, ilhali fizi za kijana wao zilivuja damu kila alipopiga mswaki.

Damu hutengenezwa katika uloto, ule ute laini ambao kila aliyefyonza mfupa siku ya Idi anaufahamu. Uloto ukishindwa kazi, hazipungui chembe nyekundu peke yake. Nyeupe nazo huadimika, homa ikawa haikatiki. Chembe sahani zikiisha, ngozi hutoka vidoa vyekundu na hedhi ya binti hukataa kukoma. Madaktari huuita ugonjwa huu anemia ya aplastiki. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoushambulia uloto. Pengine chanzo ni dawa au kemikali, mfano benzini iliyomo katika petroli (vijana wetu wa gereji wanaonawia petroli na wasikie). Hauambukizi, wala si hasadi ya jirani.

Basi ukiziona dalili hizo, omba kipimo cha picha kamili ya damu. Kile cha wingi wa damu pekee hakitoshi.

Tiba ni dawa za kutuliza kinga, au kupandikizwa uloto wa ndugu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Ndugu wa kunyonya, pamoja na hadhi yake katika sheria ya ndoa, hapa hasaidii. Kijana wetu ana ndugu watano wa tumbo moja, na hakuna aliyepimwa, kwa kuwa bibi yao anaamini mtoa uloto hubaki kilema. La, bibi yetu. Huvutwa kwa sindano nyongani, mtoaji akiwa amelazwa usingizi, nao hujirudishia wenyewe baada ya wiki chache. Nchini mwetu upandikizaji umekwishaanza: Muhimbili mwaka 2021, na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu.

Hadi hapo mgonjwa huishi kwa damu ya watu. Ndugu zake wa tumbo moja wasimtolee, mwili wake usije ukaukataa uloto wao baadaye. Itoke kwetu majirani. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa hapa Moshi.