Nyota za Mbinguni na "Nyota" za Wapiga Falaki



Mwezi huu tumeletewa suala na mzee mmoja wa upande wa Handeni. Binti yake amechumbiwa na kijana wa Korogwe. Mahari yamekwisha kusemwa, na siku imekaribia. Ghafula shangazi wa binti amekwenda kwa mpiga falaki, naye amerudi na habari kwamba nyota za wawili hawa hazipatani. Mmoja ni Asadi, nyota ya moto. Mwenziwe ni Saratani, nyota ya maji. Na moto na maji, ati, havikai nyumba moja. Mzee atuuliza: je, avunje posa?

Natuitazame kwanza hesabu yenyewe. Mpiga falaki hutwaa jina la mtu na jina la mama yake, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akayahesabu kwa abjadi. Ali ni 110, Fatuma ni 135, jumla 245. Huigawanya kwa 12, zikabaki 5, na buruji ya tano ni Asadi. Basi Ali mwana wa Fatuma ni Asadi, awe amezaliwa Muharamu au Rajabu, mchana au usiku. Lau wazee wake wangalimwita Omari, hesabu ingalikuwa 445, ingalibaki 1, naye angalikuwa Hamali! Angalieni, ndugu zetu, kwamba katika kazi yote hii mtu huyu hakuinua macho yake mbinguni hata mara moja. Amegawanya majina, basi.

Wako wengine wasomao nyota zao magazetini kwa tarehe ya kuzaliwa. Hawa wanadhani wamekaribia elimu zaidi, kwa kuwa buruji ni mahali pa kweli mbinguni: ni njia ya jua, ambayo watu wa kale waliigawa mafungu 12 na kuyapa majina ya nyota zilizopo. Lakini ardhi yetu hii, pamoja na kuzunguka, huyumba taratibu kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, na hutimiza myumbo mmoja kwa miaka kiasi cha 26,000. Kwa ajili hiyo mafungu yale yamehama. Magazeti yasema kuwa jua huingia Hamali tarehe 21 Machi, na zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita ilikuwa hivyo. Leo, siku hiyo, jua limo katika nyota za Hutu, na Hamali haliingii ila baada ya katikati ya Aprili.

Na nyota zenyewe ni nini? Kila nyota ni jua, lenye moto na nuru yake mwenyewe. Sayari sizo, hizo ni ndugu za dunia, zalizunguka jua, na nuru yake ni ya kuazima. Ndiyo maana Zuhura na Mushtari huhama mahali pao usiku baada ya usiku, na neno lenyewe "sayari" kwa asili yake ni mwendaji. Tuliosoma zamani tulifundishwa kuwa ziko tisa. Tangu mwaka 2006 wataalamu wamemtoa Pluto, zimebaki nane.

Umbali wake hausemeki kwa mizani ya safari zetu. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kiasi cha kilomita 65. Basi liendalo mwendo huo kwa saa moja, lau lingepata barabara ya kufika kwenye jua, lingekwenda zaidi ya miaka 260 bila ya kusimama. Nuru huja kwa dakika nane na kidogo. Sasa tazameni Kilimia, ambacho wakulima wetu hukijua, na ile nyota nyekundu ikifuatayo, ambayo Waarabu waliiita Ad-Dabarani, yaani mfuasi. Zote mbili zahesabiwa katika buruji ya Thauri, na kwa macho ni majirani. Lakini nuru ya Dabarani tuionayo usiku wa leo iliondoka huko yapata miaka 65 iliyopita, zama za Uhuru wa Tanganyika. Na ile ya Kilimia yapata miaka 440, zama za Wareno pwani yetu. Buruji, basi, si nyumba yenye watu ndani yake. Ni nyota zisizojuana, ambazo sisi twaziona katika upande mmoja.

Wala huo si mwisho. Abdurrahmani As-Sufi wa Isfahani, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, aliandika habari za kiwingu kidogo kisichohama. Mwezi wa Novemba, usiku usio na mbalamwezi, katika vijiji vya Handeni visivyo na taa nyingi, kiwingu hicho huonekana upande wa kaskazini. Mnamo 1924 Edwin Hubble alipata hakika kwamba kiko nje kabisa ya Njia Nyeupe, lile kundi kubwa lenye jua letu na nyota zote tuzionazo. Ni kundi jingine, lenye majua kwa mamilioni elfu, na nuru yake yatujia kwa miaka milioni mbili na nusu.

Kwa hiyo, mzee wetu, usivunje posa kwa ajili ya kugawanya kwa 12. Uliza sala ya kijana, kazi yake, na jinsi anavyokaa na mama yake. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.), watu walisema limepatwa kwa msiba ule, na Mtume, naye ndiye mfiwa, aliwakataza kusema hivyo.

Ama elimu ya falaki iliyo ya haki, hiyo tuifanyie kazi. Tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua husimama juu ya Makka sawasawa. Wakati huo simikeni kijiti wima uani, kisha mlielekee jua, kivuli kikiwa nyuma ya kijiti: hapo ndipo kibla. Hurudi tena tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Watu wa Handeni na Korogwe wataona kuwa kibla chao ni kaskazini, kimeinama mashariki kidogo tu.

Toleo lijalo, inshallah, tutaeleza kuandama kwa mwezi.