Ngano ya Shambani na Ngano ya Kitabuni

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Dongobesh wilayani Mbulu, aliandika hadithi ya mtambo unaopima pumzi za msitu na kuwalipa wanakijiji kwa kila pumzi. Aliipeleka kwa mchapishaji. Jibu lilikuwa sentensi moja: hadithi za namna hii si za kwetu.

Si za kwetu? Katika bonde la Yaeda Chini, wilaya hiyohiyo ya Mbulu, Wahadzabe wanalipwa fedha kwa sababu misitu yao inahifadhi hewa ya ukaa. Wilayani Hanang, kuanzia miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyofadhiliwa na Kanada yalitwaa takribani ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig, na matrekta yakalima hata makaburi ya wazee wao. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka; tope likaingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Hewa yenye bei, mashine inayomeza ardhi, mlima unaohama: kwingineko mambo haya hubuniwa, kwetu yametokea.

Wala waandishi hatujawakosa. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliiweka nchi nzima angani na kuwatuma wajumbe hadi mbinguni na ardhini. Katama Mkangi wa Kenya alitupa Walenisi mwaka 1995, na Kyallo Wadi Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Tunachokosa ni mhariri na jarida.

Marekani, bunilizi za kisayansi hazikupata jina na wasomaji kwa vipaji peke yake. Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg, alianzisha jarida la Amazing Stories. Mwaka 1938 John W. Campbell, mhariri wa Astounding, alikataa hadithi ya kwanza ya kijana Isaac Asimov, lakini alimwandikia barua ya kumweleza sababu. Kijana yule alirudi na hadithi nyingine, kisha nyingine. Mwanafunzi wangu alipewa sentensi moja, na hajaandika tena.

Hapa Afrika, Omenana ilianzishwa na Wanaijeria mwaka 2014, na Jalada ya Nairobi ikatoa toleo la Afrika ya baadaye mwaka 2015. Nazipongeza zote mbili, lakini sehemu kubwa ya kurasa zake ni Kiingereza. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, liliwapa washairi wa Kiswahili ukurasa wa kudumu. Tutajisikiaje mkoloni akitushinda kwa hilo?

Nitaambiwa kwamba Katesh inahitaji mifereji na makazi, si visa vya sayari. Nakubali kuhusu mifereji. Lakini waliopanga mashamba ya Hanang walikuwa na ramani, bajeti na wataalamu. Hawakuwa na mtu wa kuwauliza mfugaji ataamkaje asubuhi malisho yake yakiwa yamegeuka shamba la mtu mwingine. Kuuliza swali hilo kabla trekta halijawashwa ndiyo kazi ya bunilizi za kisayansi. Taifa lisilojisimulia kesho yake litasimuliwa na wafadhili.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu itenge kundi la bunilizi za kisayansi. Idara za Kiswahili vyuoni zitoe jarida, hata la kurasa ishirini, lenye mhariri anayejibu barua. Maafisa utamaduni wa Mbulu na Hanang wakusanye hadithi za vijana kwa bidii ileile wanayokusanyia ngoma.

Nami simo nje ya lawama. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kumtaka mwanafunzi aandike hadithi ya mwaka 2080. Muhula ujao nitawataka, na kila atakayeandika atapata jibu langu, refu na lenye sababu. Hanang inayo ngano ya shambani. Sasa tuipande ngano ya kitabuni.