Kusahau kwa Wazee si Uchawi, Wala si Uzee Tu



Tarehe 25 Julai 2021 Kanisa lote liliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kuwaheshimu mababu, nyanya na wazee, kama Papa Fransisko alivyoagiza. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo zikatufikia habari za Kabare, Kalehe na Walungu, katika Kivu Kusini: wanawake, wengi wao wenye umri mkubwa, wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, baadhi yao kwa moto. Tuhuma nyingi zilitoka vinywani mwa wale wanaojiita bajakazi, watumishi wenye kudai kipaji cha kufunua yaliyofichika. Hatusemi kwamba kila mmoja wa mama hao alikuwa mgonjwa. Wafu hawapimwi tena. Twasema tu kwamba ukizichunguza sababu zinazotolewa mzee anaposhtakiwa, nyingi utazikuta katika vitabu vya madaktari, zimeandikwa kama dalili.

Zitazameni. Mama mzee amekutwa usiku wa manane katika ua wa jirani, nguo hana, wala hawezi kueleza alikotoka. Anazungumza na marehemu mumewe. Anaona watoto wamesimama chumbani ambamo hamna mtu. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyezikwa zamani. Mjukuu akishikwa na homa wiki ijayo, watu wanakumbuka. Anawashutumu wakwe zake kwamba wamemwibia fedha alizozificha yeye mwenyewe. Ugonjwa wa ubongo uitwao demensia waweza kuyaleta hayo yote: huvuruga usiku na mchana, humtoa mtu nyumbani akiitafuta nyumba ya utoto wake, huleta maono, hupanda shaka. (Neno la Kifaransa wanalotumia madaktari wetu, demansi, lina ubaya wake: masikioni mwa watu ni wazimu, basi familia hutoka hospitalini na aibu badala ya maelezo.)

Baya kuliko yote ni lile wanaloliita ungamo. "Amekiri mwenyewe!" Mgonjwa wa namna hii akiulizwa jambo asilolikumbuka, akili yake yaweza kuliziba pengo kwa chochote kilicho karibu, pasipo nia ya kudanganya. Mwulizeni mara tano mbele ya umati kama amemla mtoto wa fulani, na mara ya sita huenda akawarudishia yale mliyomtia kinywani. Kisha watu huenda nyumbani wakisema ukweli umejulikana.

Kuwalaani washtaki ni kazi rahisi, na imefanywa mara nyingi. Ugomvi wetu leo ni na neno jingine, lenye sura ya upole, litamkwalo katika familia njema na katika mashirika yetu ya mitaa: "Ni uzee tu." Miaka mitatu au mitano kabla ya usiku ule wa uani, mama alikuwa amekwisha kuanza kuuliza swali moja mara nne katika asubuhi moja. Alisahau chungu motoni. Yeye aliyeuza sokoni tangu ujana alishindwa kuhesabu fedha za mteja. Alipotea katika njia ya kanisa aliyoipita miaka arobaini. Wote waliona, wakacheka kwa upendo, wakasema ni uzee. Kwa kuwa hakuna aliyeupa ugonjwa jina lake mapema, siku ulipokomaa ulipewa jina jingine. Wanaosema "ni uzee tu" hawana chuki na mtu, lakini ndio wanaomfungulia nabii mlango.

Uzee hupunguza mwendo wa akili, hauifuti. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza ubongo wa mwanamke aliyemtibu, ambao aliuchunguza kwa darubini: mabonge yasiyo ya kawaida kati ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Mwanamke huyo alikufa akiwa na miaka 55. Ni nani kati yetu angemwita mtu wa miaka 55 kikongwe?

Na yeyote anayedhani kwamba kuupima ubongo wa mzee ni kupunguza imani, awatazame watawa wa School Sisters of Notre Dame wa Marekani. Kuanzia mwaka 1986 mtafiti David Snowdon aliwaomba wapimwe kumbukumbu zao kwa miaka yote iliyowabakia, na baada ya kufa watoe ubongo wao uchunguzwe. Masista 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walikubali. Walikuwa wamefundisha watoto maisha yao yote, wakaona kwamba hata kifo chao chaweza kufundisha. Katika hifadhi za nyumba zao zilikutwa historia fupi za maisha walizokuwa wameziandika kwa mkono kabla ya nadhiri, wakiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu. Wale ambao sentensi zao zilibeba mawazo machache ndio waliopatwa zaidi na ugonjwa miaka sitini baadaye. Wataalamu wangali wakibishana: je, akili iliyozoezwa mapema hujiwekea akiba, au ugonjwa huanza kuacha alama zake tangu ujana? Mtawa mmoja wa Baltimore alikufa akiwa na miaka 101, akili yake ikiwa nyofu, ilhali ubongo wake ulikutwa umejaa mabonge na nyuzi zilezile za Alzheimer. Na wale ambao, pamoja na alama hizo, walikuwa na makovu ya viharusi vidogo, ndio waliopoteza kumbukumbu kwa wingi zaidi. Likumbukeni hilo la viharusi, tutalirudia.

Watu watasema: huo ni ugonjwa wa Wazungu. Basi tuje Afrika. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, pamoja na Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka, kati ya wazee 1000 wenye miaka 65 na zaidi, wagonjwa wapya walikuwa kama 13 au 14 Ibadan, na 32 Indianapolis. Ni chini ya nusu, na jambo hilo limewapa wanasayansi kazi kubwa ya kufikiri. Lakini 13 si sifuri. Ng'ambo ya mto tu kutoka Kinshasa, uchunguzi wa Brazzaville uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta ugonjwa kwa karibu wazee 7 katika kila 100.

Hapa tuna shutuma juu ya sayansi yenyewe pia. Kipimo kilichozoeleka zaidi duniani humtaka mzee aandike sentensi, anakili mchoro wa pembe tano mbili zilizoingiliana, ataje tarehe ya leo. Mama wa kijijini ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni kali kuliko yetu, na mwenye elimu aliyeanza kuugua atafaulu. Ndiyo maana twaithamini kazi ya Mkongomani Jean Ikanga, wa Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, ambaye pamoja na wenzake wa Kinshasa anatengeneza vipimo vinavyotoka katika maisha ya Waafrika. Kazi kama hiyo ingestahili kuungwa mkono na vyuo vyetu vikuu vya Kikatoliki kwa fedha, si kwa pongezi.

Tena watasema: hauna dawa, wa nini kuupima? Ni kweli kwamba Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya. Lakini si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni nzito ya mjane, mchanganyiko wa vidonge vilivyonunuliwa kiholela: haya huigiza demensia, nayo hutibika. Tume ya jarida la kitabibu The Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa demensia duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa, kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, pombe nyingi, elimu ndogo, na upweke. Tansio isiyopimwa huleta vile viharusi vidogo vilivyowaangusha watawa. Na mzee asiyesikia, ambaye wajukuu wamechoka kumrudilia maneno, anakufa njaa ya mazungumzo katikati ya nyumba iliyojaa watu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, alikwisha kumwonya mwana asimdharau baba yake hata akili za mzee huyo zikipungua. Alijua basi kwamba akili za mwenye haki zaweza kupungua, na hakumtafutia mchawi.

Tunawadai nini, vijana? Jumapili ya nne ya Julai, siku ya wazee, nyimbo na sabuni za zawadi hazitoshi. Mwombeni mwuguzi wa kituo cha afya aje na kipimo cha tansio, akae barazani baada ya Misa. Mjukuu aliyeanza kusikia swali lilelile mara nne aandike tarehe na alichokiona, amsindikize koko yake kwa daktari na karatasi hiyo mkononi, kwa maana mgonjwa mwenyewe hataweza kueleza. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto humwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Tunataka mzee alindwe katika vikundi vyetu kwa ukali uleule. Jina la mzee likitajwa katika sala ya usiku kuwa chanzo cha ugonjwa au cha kifo, kiongozi wa kundi aikatishe sala hapohapo, bila kungoja padri arudi kutoka safarini. Vijana wawili waende nyumbani kwa mzee huyo usiku uleule, walale huko, na asubuhi wampeleke hospitalini.