Anayebisha Hodi Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wanachama, leo tunataka kusema juu ya wafanyakazi ambao hawana kiwanda wala geti, na hakuna king'ora cha kuwaita kazini. Ni wale wauzao nyumba kwa nyumba. Tutaanza na wenzetu wa Marekani, maana huko kazi hii ni ya zamani na sheria yake inajulikana, kisha tutarudi hapa kwetu.

Huko vyuo hufungwa miezi ya joto, yapata tangu mwezi wa tano hata wa nane. Wakati huo vijana wengi, hasa wa jimbo la Utah, husafiri mamia ya maili kwenda kuuza dawa za wadudu au kengele za kuzuia wezi. Wengine wao ni mume na mke waliooana juzi tu. Wakati wa baridi wakubwa wa kampuni huwa wamewaita, wakawaonyesha kijana aliyerudi na fedha za kulipia karo ya mwaka mzima. Kijana huyo huenda yupo kweli, nasi hatumwonei wivu. Lakini waliorudi na deni hawaitwi kuhutubia.

Basi wale wawili hufunga mizigo, wakaenda mji wasiomjua mtu. Mara nyingi nyumba ya kulala hupangwa na kampuni, na kodi yake hukatwa katika kamisheni. Asubuhi kuna mkutano na makofi, kisha ni kubisha hodi mpaka jua litue, na katika majimbo ya kaskazini jua la mwezi wa sita hutua karibu saa tatu za usiku. Mlango huu umefungwa, ule una mbwa, wa tatu mwenye nyumba anaita polisi. Mji wa Green River, jimbo la Wyoming, ulitoa amri mwaka 1931 kukataza mwuzaji kubisha bila kualikwa, na miji mingi ikaiga. Hivyo kijana aweza kutumwa mahali ambapo kazi yake yenyewe ni kosa, na atakayesimama mbele ya askari ni yeye, si tajiri.

Asipouza, hapati kitu. Akiuza, hupewa sehemu tu. Sehemu nyingine huzuiliwa mpaka msimu uishe, na mteja akivunja mkataba, kamisheni hukatwa. Katika nyumba nyingi, mume akipata juma baya, mshahara wa mke huwashikilia. Hawa wawili wakila sufuria moja ya kamisheni, juma baya ni baya kwa wote. Na mke akiugua, au akiwa na mimba na joto la Texas likamshinda, watafikiri zile fedha zilizo mkononi mwa kampuni, wakae. Tajiri huziita fedha za mwisho wa msimu. Sisi tunaziita kamba.

Sheria iko wapi? Marekani ilitunga sheria ya mshahara wa chini mwaka 1938, ikaanza na senti 25 kwa saa. Tangu mwaka 2009 kima cha serikali kuu ni dola 7 na senti 25. Lakini sheria hiyo hiyo ilimwacha nje mwuzaji anayefanya kazi mbali na ofisi. Hana kima cha chini, hana ovataimu. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba saa za mtu kama huyo ni vigumu kuzihesabu. Zamani hizo hoja hiyo ilikuwa na maana kidogo. Leo wauzaji wengi hubeba simu yenye ramani, nayo humwonyesha msimamizi kila mlango uliobishwa na dakika yake. Kijana akiketi chini ya mti dakika kumi, hujulikana. Yaani saa za kumkemea zinahesabika, saa za kumlipa hazihesabiki!

Tena si fedha tu. Mwaka 1999, karibu na Janesville, jimbo la Wisconsin, gari lililochukua kikosi cha vijana wauzao magazeti nyumba kwa nyumba lilipinduka, wakafa saba. Dereva hakuwa na leseni halali. Jimbo hilo lilipata sheria ya kulinda vikosi kama hivyo mwaka 2009, baada ya miaka kumi.

Na hapa Kenya? Vijana wetu watokao vyuoni hupewa mfuko na fomu wakauze bima na mikopo, na barua zao huandikwa neno "wakala". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtambua mfanyakazi kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Ndiyo sababu neno hilo moja lina faida kubwa kwa tajiri, na ndiyo sababu sisi hatulikubali hivi hivi.

Kila mwanachama mwenye mwana au binti aliyeitwa katika kazi hii, amwambie alete barua yake kwa katibu wa tawi kabla hajaitia sahihi. Tutataka kuona nani analipa nauli ya kurudi, fedha zinazozuiliwa zitalipwa tarehe gani, na kuna mshahara gani siku milango yote ikifungwa. Na jioni hii, kijana akibisha kwako na fomu zake, kama hutaki kununua mwambie upesi asipoteze wakati, umpe na maji ya kunywa.