Rada Haitoshi Bila Kipimamvua

Wapo watu wanaodhani kwamba rada ya hali ya hewa hupima mvua kama mwenye duka apimavyo sukari katika mizani. Dhana hiyo si sahihi, na wakati wa kimbunga yaweza kugharimu maisha ya watu. Rada haipimi mvua, huikadiria. Taifa linalotaka kuwakinga wananchi wake na mafuriko halina budi kuielewa tofauti hiyo.

Rada hupeleka mawimbi ya redio angani na kupokea mwangwi unaorudishwa na matone ya mvua. Hapo ndipo penye mtego. Tone lenye kipenyo cha milimita 2 lina maji mara 8 ya tone la milimita 1, lakini mwangwi wake ni mara 64. Kwa hiyo matone madogo 64 hurudisha mwangwi ule ule wa tone moja kubwa, ilhali maji yake ni mara 8. Mvua ya vimbunga aghalabu ni ya matone madogo mengi mno. Mtaalamu akiikadiria kwa kanuni ya mvua ya radi ya kawaida, atatangaza mvua ya wastani huku mito ikivunja kingo. Isitoshe, dunia ni mviringo: mwale wa rada kadiri uendavyo mbali ndivyo upitavyo juu, na yanayotokea chini usiyaone.

Marekani imejitahidi kupunguza kasoro hizo. Kufikia mwaka 2013 rada zake zilikuwa zimeongezewa uwezo wa kupeleka mawimbi ya wima na ya mlalo ili kutambua umbo la matone. Hata hivyo, kimbunga Harvey kilipotuama Texas mwezi Agosti 2017, kipimamvua kilichokuwa ardhini, huko Nederland, ndicho kilichoonyesha milimita 1,539. Hiyo yazidi mvua ya kawaida ya mwaka mzima mjini Dar es Salaam. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Septemba, kimbunga Maria kiliibomoa rada ya Puerto Rico saa ile ile ilipohitajiwa kuliko wakati wowote. Haikurejea kazini hadi Juni 2018.

Somo hilo latuhusu nasi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikatukumbusha kwamba Bahari ya Hindi nayo ina vimbunga vyake. Tanzania imekwisha kujenga rada, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini rada isiyosahihishwa kwa vipimo vya ardhini ni shahidi asiyehojiwa.

Watatokea wa kusema kwamba kipimamvua ni chombo cha kizamani, na kwamba upepo mkali huyapeperusha matone yasiingie ndani yake. Ni kweli. Ndiyo sababu vyombo hivi viwili havipaswi kushindanishwa, bali kusaidiana: rada huona eneo kubwa kwa haraka, kipimamvua huikosoa.

Basi bajeti inaponunua mtambo wa mabilioni, isisahau kipimamvua cha shule na cha zahanati, wala mtu wa kukisoma kila siku saa 3 asubuhi na kuipeleka taarifa bila kuchelewa. Kidole kimoja hakivunji chawa.