Kazi za Mikono: Kupanda Miti

Mwezi huu tunaongea juu ya kazi ambayo wengi wetu tuliiacha kule Fizi na Uvira pamoja na michikichi yetu: kupanda juu ya mti.

Hapa Uganda miti mikubwa ipo, miembe na mikaratusi inayoinamia nyumba zetu. Upepo wa mvua ukikaribia, watu wanatafuta mtu wa kupunguza matawi na hawamwoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara. Basi vijana wanatuuliza, tuanzie wapi?

Anzieni chini. Mpanda michikichi alikuwa na mkanda mmoja unaozunguka shina na kiuno chake. Anaegemea nyuma, anausogeza juu, anapiga hatua. Ulifaa kwa sababu mchikichi hauna matawi ya kupita. Kwenye mwembe, ukifika kwenye tawi lazima uufungue, na hapo ndipo mtu anapoanguka. Kwa hiyo kamba ziwe mbili: ya pili ifungwe juu ya tawi kabla ya kufungua ya kwanza. Jifunzeni mita moja tu kutoka ardhini, siku nyingi, mpaka mikono izoee. Wazee wanaojua bado tunao. Waendeeni kwa heshima, hata maji mkawachotee.

Kamba ya kufungia mbuzi haifungi mtu, hapana! Ya katani inaoza kwa unyevu, ya plastiki inachoka kwa jua na kuyeyuka ikisuguliwa. Kikundi kinunue kamba nzuri kabla ya msumeno, na isiazimishwe.

Akina mama wengine hawataki waume zao waende kwenye kazi hii. Tunawaelewa kabisa. Baba akivunjika mgongo, nyumba nzima imevunjika, na huku ukimbizini wajomba wa kutusaidia wako mbali. Ndiyo maana mti unazungukwa kwanza. Gongeni shina: likilia kama ngoma, ndani limeliwa, msipande. Angalieni nyuki. Waya wa umeme ukiwa karibu, acheni kabisa, maana tawi bichi linapitisha umeme.

Tawi zito halikatwi mara moja. Msumeno uanze kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie theluthi ya unene. Kisha kateni kutoka juu, mbele kidogo ya pale. Tawi litaanguka bila kuchana gamba la shina. Kipande kinachobaki mkiondoe mwisho, lakini pale palipovimba kwenye shina mpaache, ndipo kidonda cha mti kinapofungia.

Bei mkubaliane kabla mguu haujaacha ardhi. Na kuni ni za nani? Semeni mapema, ugomvi unatokea hapo. Tuseme ni shilingi 20,000 kwa mti: toeni kwanza 4,000 za kamba, ndipo aliyepanda na aliyeshika kamba chini wagawane sawa. Huyu wa chini wengine wanamlipa soda tu. Ni vibaya, uhai wa mwenzake umo mikononi mwake.

Na mti mkubwa wa kambi usiguswe bila ruhusa. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, naye atawaelekeza ofisini.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kunoa msumeno.