Kitanda Usichokilalia

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa Kisumu nayakumbuka maneno hayo nizionapo programu za simu za watoto wenye usonji. Mtoto asiyetamka hugusa picha, simu ikamsemea. Lakini picha ya theluji, iliyochorwa Ulaya, yamfaa nini mtoto wa Dunga ajuaye ngege na omena?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, waagiza watoto wenye ulemavu nao washauriwe na washirikishwe katika yanayowahusu. Na shauri si la ulimi pekee. Mtoto akiisukuma picha kando, au akiziba masikio kwa mlio, amekwisha kutoa hukumu. Fundi na aiandike, kisha airekebishe programu, asimrekebishe mtoto.